Mwanamke wa Noti ya Kijani

Barua za mwezi huu zimenikuta nikiwa bado kwenye mawazo ya barua moja ya Tanga iliyofika tangu Ramadhani. Nimeisoma mara tatu, nikaiweka, nikairudia. Naianza hiyo, na nitakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida yangu. Mnisamehe ninyi ambao zenu zitasubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Marehemu shangazi yangu aliwahi kulea watoto wa familia moja ya Wadenishi huko Dar es Salaam. Baada ya arobaini tuligawana vitu vyake, mimi nikapewa sanduku la bati la kanga. Ndani ya kanga moja, ikiwa imekunjwa mara nne, nilikuta noti ya kijani ya krone 200 za Denmark. Upande mmoja ina sura ya mwanamke, upande wa pili simba kama wa kuchongwa. Shangazi aliwahi kutuambia kuwa mwanamke huyo alikuwa mwigizaji. Sisi tulimcheka, tukasema mwigizaji gani anawekwa kwenye pesa? Je, ni kweli? Ni nani? Na noti yenyewe bado inabadilishika?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Nianze na la pesa, nilimalize. Benki kuu ya Denmark ilitangaza kwamba noti zake zote za matoleo ya zamani zinakoma kuwa pesa halali baada ya tarehe 31 Mei 2025. Hiyo ya shangazi ni ya toleo lililoanza 1997, kwa hiyo muda wake umepita. Asitokee mtu wa kukuahidi kuibadilisha kwa "njia zake". Irudishe kwenye kanga yake. Huyo simba ni wa kanisa kuu la Viborg, na ni kweli amechongwa kwenye jiwe.

Sasa tuje kwa mwanamke mwenyewe. Shangazi yako alisema kweli tupu, na mnadaiwa kumwombea mara moja zaidi kwa kumcheka. Anaitwa Johanne Luise Heiberg. Mara ya kwanza nililisikia jina hilo kinywani mwa Mdenishi mwenyewe, nikiwa Copenhagen na kikundi chetu miaka mingi iliyopita. Ile g ya mwisho karibu haikusikika kabisa, na sikio langu la pwani likapokea neno letu: haiba. Tangu siku hiyo sijaweza kulisikia kwa namna nyingine.

Alizaliwa Copenhagen tarehe 22 Novemba 1812, jina la kwao Pätges. Uliza wakati huo Denmark ilikuwaje. Miaka mitano nyuma Waingereza walikuwa wameushambulia mji huo kwa mizinga na kuuchoma moto. Na Johanne akiwa mchanga wa wiki chache tu, Januari 1813, serikali ya Denmark ikafilisika. Noti za siku zile ziligeuka makaratasi. Sijui kama waliochagua sura yake kwa noti ya 1997 walilikumbuka hilo, lakini mimi hunigusa kila nikilifikiri: mtoto aliyezaliwa pesa ya nchi yake ikifa, ndiye uso wake ulikuja kuwekwa juu ya pesa hiyo.

Wazazi walikuwa wageni kutoka Ujerumani. Baba Mkatoliki, mama wa asili ya Kiyahudi, watoto tele na riziki ya kuungaunga. Waliuza chakula na vinywaji. Majira ya kiangazi walihamia Dyrehavsbakken, kaskazini mwa mji, ambako katikati ya msitu kulikuwa na mahema, wapiga muziki, wacheza mazingaombwe na walevi. Mahali hapo bado papo, watu wanakwenda kustarehe mpaka leo. Fikiria sherehe ya Sabasaba isiyoisha, na mtoto mdogo wa kike anapita katikati ya meza. Yeye mwenyewe aliandika uzeeni jinsi maisha yale yalivyomtia aibu na woga. Mimi nasema huko ndiko alikosomea watu. Mwigizaji aliyewaona walevi kwa karibu akiwa na miaka sita hahitaji kufundishwa mlevi anashikaje kiti.

Mwaka 1820 aliingizwa shule ya baleti ya Jumba la Maigizo la Kifalme. Kwa familia maskini hiyo ilikuwa njia ya kupunguza mdomo mmoja mezani na kumtafutia binti kazi. Miaka sita baadaye, akiwa na miaka 13, alipewa nafasi ya mwanafunzi mtundu aitwaye Trine Rar katika mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo. Mtunzi wake alikuwa Johan Ludvig Heiberg, mwandishi aliyekuwa ndiyo kwanza ameuleta mtindo huo Denmark kutoka Ufaransa. Mji mzima ukamjua binti huyo. Mwaka 1828 alicheza Juliet wa Shakespeare, ana miaka 15 hivi. Mwaka huohuo akacheza Agnete katika "Elverhøj", mchezo ambao Heiberg aliandika kwa ajili ya harusi ya binti wa mfalme. Mchezo huo Wadenishi wameurudia katika jumba lile zaidi ya mara 1,000.

Tarehe 31 Julai 1831 mtunzi na mwigizaji wakaoana. Bwana alikuwa amemzidi miaka 21. Nyumba aliyoingia ilikuwa ya wasomi watupu: mama mkwe, Thomasine Gyllembourg, alikuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi, na baba mkwe alikuwa ameishi uhamishoni Paris tangu 1800 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Binti wa hema la vinywaji akakaa meza moja na watu hao, akawa malkia wa meza hiyo. Waandishi wakubwa wa wakati wake walikuwa wakiandika wakiwa na sauti yake masikioni. Henrik Hertz alimwandikia Ragnhild, msichana aliyefungwa kwa mapenzi ya uchawi, na Iolanthe, binti wa mfalme aliye kipofu na asiyejua kuwa wengine wanaona.

Hapo kwa Iolanthe nisimame kidogo. Mliowahi kucheza kipofu mnajua: mwanafunzi hukodoa macho na kupapasa hewa kwa mikono miwili. Lakini Iolanthe hajui kuwa ni kipofu! Amekulia kwenye bustani ileile, kila kiti anakijua, haruhusiwi kupapasa hata mara moja. Ukipapasa umeshaiua hadithi. Mwigizaji anatakiwa atembee kwa uhakika kuliko wenye macho, na watazamaji wajue kwa kitu kidogo tu, labda uso unaogeukia sauti kwa kuchelewa nukta moja. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nawapa vijana zoezi hilo, na kila mwaka darasani alikuwa mmoja tu anayeliweza.

Hans Christian Andersen, huyuhuyu wa hadithi za watoto, naye alimhitaji. Mwaka 1840 Johanne alicheza katika tamthilia yake "Mulatten", inayosimulia habari za mtu wa damu mchanganyiko huko Martinique, na ikafanikiwa. Mwaka huohuo Andersen akamwandikia nafasi nyingine. Johanne akaikataa. Mwandishi aliumia, akafunga virago akasafiri. Wapo wanaomlaumu mama huyu kwa majivuno. Mimi simlaumu. Mwigizaji mwenye jina kubwa akikubali kila kitu, baada ya miaka mitano hana jina.

Kwa hiyo, mwalimu, mwambie kila aliyecheka: ndiyo, mwigizaji. Toleo lile lilikuwa na noti tano, na yake ilikuwa ya 200, juu ya mwanamuziki Carl Nielsen wa 100 na chini ya mwanasayansi Niels Bohr wa 500.

SWALI: Shikamoo Bibi, nakuandikia kutoka Nairobi. Ni kweli kwamba hata Karen Blixen, aliyeacha jina mtaani kwetu, alikuwa kwenye pesa za Denmark?

JIBU: Marahaba. Ni kweli, tena toleo lilelile. Yeye alikuwa kwenye noti ya 50. Aliishi hapo kwenu chini ya vilima vya Ngong, kwenye shamba la kahawa, kuanzia 1914 mpaka 1931, shamba liliposhindikana akarudi kwao. Mwingine wa kike alikuwa mchoraji Anna Ancher, pamoja na mumewe, kwenye ile ya 1,000.

SWALI: Bibi yangu shikamoo. Nina miaka 33, naigiza na kikundi kimoja Mombasa tangu nimalize shule. Kwa miaka mingi mimi ndiye bibi harusi wa kikundi. Mwaka huu mwongozaji amempa nafasi hiyo binti wa miaka 20, mimi nimepewa mama mzaa chema, na mbele ya wenzangu akasema "watu wanataka sura mbichi". Nimelia sana. Nataka kuacha. Uliwahi kutaja kwenye safu hii mwigizaji wa Ulaya aliyerudia nafasi ya usichana akiwa mtu mzima. Ni nani huyo, na ilikuwaje?

JIBU: Marahaba binti yangu. Ni huyuhuyu wa noti, na barua yako imefika wakati wake.

Johanne alicheza Juliet 1828. Kisha ikapita miaka 19. Mwaka 1847, akiwa na miaka 34, mwaka mmoja tu zaidi yako, akarudi kwenye jukwaa lilelile kucheza Juliet yuleyule. Kumbuka Juliet wa Shakespeare hajatimiza hata miaka 14. Na mji ulikuwa umeshamzoea Johanne. Kila msimu wa baridi walimwona, kila msimu walimpigia makofi, mpaka makofi yakawa desturi kama kufunga mlango. Mazoea yana tabu, kanga zetu zimeshasema. Minong'ono ikaanza kuwa sasa amekua.

Katika mji huo alikuwepo mtu mmoja mpweke aliyependa sana kwenda kutazama michezo, mwanafalsafa Søren Kierkegaard. Julai 1848 alichapisha gazetini, katika "Fædrelandet", makala ya sehemu nne kuhusu mgogoro katika maisha ya mwigizaji wa kike. Aliificha sahihi yake chini ya jina la bandia, na jina la Johanne pia hakulitaja hata mara moja. Lakini kila msomaji wa Copenhagen alijua anasemwa nani.

Nakueleza alichosema kwa maneno yangu, kwa sababu nimekaa nayo makala hiyo zaidi ya miaka ishirini.

Kwanza anamtazama yule wa miaka kumi na kitu. Anasema ana bahati, ana uchangamfu, ana moyo, na juu ya yote ana uhusiano mwema na uzito wa jukwaa. Macho ya watu wote wale ni mzigo. Mzigo huo humlemaza asiye na kipaji, lakini mwenye nacho humfanya mwepesi. Kabla ya kutoka anatetemeka kwa hofu, na akishatoka ni ndege aliyefunguliwa. Wewe na mimi tunajua kwamba hili ni kweli. Mimi nilikuwa nashika ukingo wa pazia mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwapa zimelowa, koo kavu, najiapiza kuwa hii ndiyo mara ya mwisho. Kisha mguu mmoja unakanyaga taa, na mwili unakuwa si wangu tena.

Halafu anakuja kwenye jambo lenyewe. Anasema watu wanaomtaka mwigizaji awe na miaka 16 hawataki sanaa, wanataka kumwona msichana mzuri. Msichana wa miaka 16 anaonyesha ujana wake mwenyewe, hana kingine cha kuonyesha, na hawezi kuutazama kwa sababu yumo ndani yake. Miaka ikipita inamwondolea huo ujana wa bure, na hapo ndipo inajulikana kama kulikuwa na kitu chini yake. Aliye na kitu, sasa ndiyo anaweza kumcheza Juliet, maana anasimama mbali kidogo naye na kumwona mzima. Kwa Kierkegaard yule wa 1847 ndiye Juliet hasa. Yule wa 1828 alikuwa ahadi tu.

Miaka mitatu baadaye, 1851, mwandishi alimpelekea Johanne kitabu chake kimoja pamoja na barua iliyofichua kuwa makala ile ilikuwa yake. Napenda kumfikiria akiifungua barua hiyo.

Nikuambie la kwangu. Nafasi ya bibi harusi nimeicheza mara mbili, mchezo mmoja, maneno yaleyale. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 19. Nililia machozi ya kweli kila usiku, na watu walilia nami. Mara ya pili nilikuwa na miaka 36, mjane wa mwaka mmoja na nusu. Kuna mahali binti anaambiwa kuwa mchumba amefika mlangoni. Nikiwa na miaka 19 niliruka, nikakimbilia mlango. Safari hii nilijikuta siwezi kukimbia. Mkono wangu wa kushoto ulishika pindo la kanga, ukaanza kulikunja, kunjo juu ya kunjo, mpaka likawa dogo kama hirizi, na mimi namtazama mama yangu wa jukwaani bila neno. Sikuwa nimepanga. Ukumbi ulikaa kimya mpaka nikasikia feni inavyolia. Binti wa miaka 19 hana hicho cha kufanya kwa mkono, maana hajawahi kujua mtu akifika mlangoni anaweza pia kuondoka.

Hata hivyo sitakudanganya kuwa Johanne alikaa Juliet milele. Alicheza mengine, tena makubwa: Maria Stuart wa Schiller, Lady Macbeth. Hiyo nafasi ya mama mzaa chema usiitupe kabla hujaisoma kama unavyosoma ya bibi harusi. Mwulize mwongozaji siku moja, mkiwa wawili, mbali na wenzako, nini hasa alikiona kwako alipokupa. Kama jibu lake ni "sura" tu, basi tatizo ni lake, na Mombasa ina vikundi zaidi ya kimoja. Lakini jukwaa usiliache, binti yangu. Una miaka 33. Nafasi zako bado hazijaanza.

Na usimchukie yule wa miaka 20. Anashika pazia kwa woga kama wewe ulivyoshika.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho chuo kikuu, tunasoma tamthilia za Ibsen. Kitabu kimoja kinamtaja Bi Heiberg kama mwongozaji, si mwigizaji. Je, ndiye aliyecheza Nora, yule mke wa "A Doll's House" ya Ibsen, kwa mara ya kwanza?

JIBU: Marahaba. Hapana, si yeye, ila swali lako linatupeleka kwenye nusu ya maisha yake ambayo watu huipita haraka.

Mumewe alikuwa mkurugenzi wa Jumba la Maigizo la Kifalme kuanzia 1849 mpaka 1856. Kwa mwigizaji, kuwa mke wa mkurugenzi ni mtihani: ukipewa nafasi, umependelewa, usipopewa, mmegombana. Ikazuka vita ya namna ya kuigiza. Frederik Høedt alitaka watu waseme jukwaani kama wanavyosema sebuleni. Heiberg alitaka ushairi na urembo wa lugha. Mwaka 1855 Høedt akaondoka, na akaondoka naye Michael Wiehe, ambaye kwa miaka alikuwa mpenzi wa Johanne katika tamthilia nyingi. Kumpoteza mwenzako wa jukwaani ni kama kupoteza mkono unaoandikia. Mwaka uliofuata mume akajiuzulu, wale wawili wakarudi, na Johanne akabaki katikati. Mume akafariki Agosti 1860. Johanne alikuwa mjane asiye na mtoto wa kuzaa. Akachukua watoto watatu wa kike kutoka visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark, akawalea kama wanawe. Mwaka 1864 akaacha kuigiza.

Kisha 1867 akarudi kwa mlango mwingine, kama mwongozaji, mpaka 1874. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameshika kazi hiyo katika jumba lile kabla yake. Na hapa ndipo Ibsen anapoingia. Mumewe, akiwa mkaguzi wa tamthilia, aliwahi kuikataa kazi ya Ibsen mwaka 1858. Mjane ndiye aliyekuja kuziweka jukwaani tamthilia za Mnorwe huyo: "De unges Forbund" mwaka 1870, na "Kongs-Emnerne" mwaka 1871. Ibsen alimshukuru kwa barua ndefu ya mashairi, mwaka huohuo wa 1871. Katika mitihani yako usisahau kuyaunganisha hayo mawili, maana vitabu vingi vinamtaja mume aliyekataa na kumwacha mke aliyekubali.

Mwaka aliotoka, 1874, ndio mwaka jengo jipya la Jumba hilo lilipofunguliwa pale kwenye uwanja wa Kongens Nytorv, Copenhagen. Kwa hiyo ukisimama mbele yake leo, kama nilivyosimama mimi asubuhi moja ya theluji na koti la kuazima, ujue ndani ya kuta hizo hakuwahi kuigiza hata siku moja. Jukwaa lake lilikuwa la jengo la zamani. Mimi sikulijua hilo, na nilikuwa nimeshaweka kiganja ukutani. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuandika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka 1891 na 1892, mwenyewe akiwa ameshazikwa Holmens Kirkegård.

Nora ulimuuliza. Nora alionekana mbele ya watu kwa mara ya kwanza duniani katika Jumba hilohilo la Kifalme, tarehe 21 Desemba 1879. Aliyemcheza ni Betty Hennings, ambaye naye aliingia pale kama mtoto wa baleti. Miaka 11 baadaye, tarehe hiyohiyo ya 21 Desemba, 1890, Johanne Luise Heiberg akafariki. Alikuwa na miaka 78.